Panama: Uvamizi wa Wahispania, Uhuru na Ujenzi wa Mfereji – Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wengi huifahamu Panama kwa jambo moja tu, nalo ni mfereji, na mara nyingi huusikia ukitajwa kana kwamba ulichimbwa na mataifa: Wafaransa walijaribu wakashindwa, kisha Wamarekani wakafaulu. Majibu yafuatayo yanaanzia kwa wenyeji waliowapokea Wahispania wa kwanza ufukweni, yanapitia kwa watumwa, vibarua na wanakijiji, ndipo yanafika kwenye mikataba, kwa sababu mikataba hiyo yote iliandikwa juu ya migongo ya watu hao.

Kwa nini mfereji ulijengwa Panama na si mahali pengine?

Kwa sababu hapo bara la Amerika ni jembamba mno, na safu ya milima inashuka kiasi cha kupitika. Kutoka Bahari ya Karibi hadi Pasifiki ni takriban kilomita 80 tu. Kabla ya mfereji, meli iliyotoka New York kwenda San Francisco ililazimika kuizunguka Amerika ya Kusini yote, safari ya zaidi ya kilomita 20,000. Kwa kupitia Panama safari hiyo ni pungufu ya nusu. Wazo lenyewe ni la kale: mwaka 1534 mfalme wa Hispania, Charles wa Tano, aliagiza eneo hilo lipimwe ili ijulikane kama bahari mbili zingeweza kuunganishwa.

Hata hivyo, Panama haikuchaguliwa bila ushindani. Nikaragua ina ziwa kubwa na mto unaoteremka hadi Karibi, na hadi mwanzoni mwa mwaka 1902 wabunge wengi wa Marekani waliipendelea. Mwezi Mei mwaka huo, Mlima Pelée ulilipuka kisiwani Martinique na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre. Mhandisi Mfaransa Philippe Bunau-Varilla, ambaye fedha na sifa yake vilikuwa vimefungamana na mradi wa Panama, alitafuta stempu za posta za Nikaragua zenye picha ya volkano ya Momotombo akazipeleka kwa maseneta. Mwezi uliofuata Seneti ikaichagua Panama. Hoja za wahandisi ndizo zilizokuwa na uzito mkubwa zaidi, lakini zile stempu zilifika mikononi mwa watu waliokuwa wametoka kusoma habari za maelfu ya maiti.

Je, mfereji unaelekea mashariki kwenda magharibi?

Hapana. Shingo hiyo ya nchi imepinda, na mfereji unashuka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki hutokea upande ulio mashariki zaidi ya ule ilioingilia.

Wahispania walifika lini, na wenyeji walipatwa na nini?

Rodrigo de Bastidas alipita kwenye pwani hiyo mwaka 1501, na Christopher Columbus mwaka uliofuata. Mwaka 1510 Wahispania walianzisha mji wa Santa María la Antigua del Darién, na mnamo Septemba 1513 Vasco Núñez de Balboa, akiongozwa na wenyeji walioijua njia, alivuka milima akaiona bahari ya upande wa pili na kuitwaa kwa jina la mfalme wake. Vitabu vingi husema kwamba aliigundua bahari hiyo, ilhali watu wa pwani ile walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu zao. Katika safari hiyohiyo Balboa aliwafungulia wenyeji mbwa wa vita, wakararuliwa hadi kufa.

Aliyemfuata, Pedrarias Dávila, alifika mwaka 1514 na kikosi kikubwa zaidi na ukatili mkubwa zaidi. Alimkata kichwa Balboa huko Acla mwaka 1519, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo akauanzisha Mji wa Panama, mji wa kwanza wa Wahispania kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika. Katika miongo michache tu maradhi mageni, kazi za kulazimishwa na mauaji vilikuwa vimezifuta jamii nzima za maeneo ya kati.

Wapo waliokataa. Katika milima ya Veraguas, kiongozi aitwaye Urracá aliunganisha makabila yaliyokuwa mahasimu na kupigana na Wahispania kwa miaka mingi. Walimwita kwa mazungumzo ya amani, wakamkamata na kumpeleka kwenye bandari ya Nombre de Dios akiwa na minyororo. Alitoroka, akarudi milimani, na inaaminika alifariki mwaka 1531 akiwa huru kati ya watu wake. Sura yake imo kwenye sarafu ndogo kabisa ya Panama, ile ya sentesimo moja, na mtu yeyote anayepokea chenji dukani huishika mkononi.

Wenyeji hawakumalizika. Waguna wa visiwa vya pwani ya Karibi waliasi mwaka 1925 dhidi ya serikali ya Panama yenyewe, iliyokuwa ikiwalazimisha kuacha mavazi na mila zao, na uasi huo ndio uliowaletea eneo lao lenye mamlaka ya ndani.

Waafrika waliingiaje katika historia ya Panama?

Waliingia kama watumwa, na mapema sana. Panama ilikuwa kichochoro ambamo utajiri wa Peru ulipita kwenda Hispania. Fedha iliyochimbwa kwenye milima ya Andes ilishushwa kwenye Mji wa Panama, ikapakiwa juu ya nyumbu na kupitishwa msituni kwenye njia iliyotandazwa mawe, au ikateremshwa kwa mashua kwenye Mto Chagres, hadi bandari ya Nombre de Dios na baadaye Portobelo. Waliowaongoza nyumbu hao, waliopiga makasia na waliotandaza mawe hayo kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika.

Wengi walitoroka. Msitu uliowatisha Wahispania ulikuwa kimbilio kwa watoro hao, ambao walijenga vijiji vyenye ngome, mashamba na watawala wao. Aliyejulikana zaidi alikuwa Bayano, aliyetawala kama mfalme katika miaka ya 1550. Jeshi halikumweza kwa vita. Pedro de Ursúa alimshinda kwa kumwalika kwenye karamu ya amani na kuwalewesha watu wake kwa kinywaji kilichotiwa dawa. Leo mto na ziwa kubwa la mashariki mwa nchi vina jina la Bayano. Francis Drake, ambaye Waingereza humsifu kwa kuuteka msafara wa fedha karibu na Nombre de Dios mwaka 1573, asingefika popote bila watoro hao, kwani ndio waliomwonyesha njia na kujua siku ya kupita kwa nyumbu.

Mwaka 1671 haramia Henry Morgan aliushambulia Mji wa Panama ukateketea, na mji mpya ukajengwa mwaka 1673 mahali penye ulinzi bora zaidi, kilomita chache upande wa magharibi.

Panama ilipata uhuru mara ngapi?

Mara mbili kwa maandishi. Tarehe 10 Novemba 1821 mji mdogo wa La Villa de Los Santos ulitangaza kuachana na Hispania, na tarehe 28 mwezi huohuo Mji wa Panama ukafuata, karibu bila damu kumwagika. Viongozi waliona nchi ni dhaifu mno kusimama peke yake, wakaamua kuungana na Kolombia ya Simón Bolívar. Muungano huo haukutulia: Panama ilijitenga mara kadhaa katika karne ya 19, na kati ya mwaka 1840 na 1841 ilijiendesha kama taifa chini ya Tomás Herrera kwa takriban mwaka mmoja kabla ya kurejea. Mara ya pili ni tarehe 3 Novemba 1903, ilipojitenga na Kolombia moja kwa moja.

Wapanama wengi huongeza tarehe ya tatu, 31 Desemba 1999, siku ambayo mfereji ulirejeshwa. Kwa maoni yangu wana haki kamili ya kuihesabu, kwa sababu nchi iliyokatwa katikati na eneo lenye bendera, polisi na mahakama za taifa jingine haikuwa imemaliza safari yake ya uhuru.

Reli ilikuwa na nafasi gani kabla ya mfereji?

Nafasi kubwa. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya Wamarekani walitaka kufika huko haraka, na kampuni ya New York ikajenga reli ya takriban kilomita 76 kati ya mwaka 1850 na 1855. Ilipita kwenye vinamasi vilivyomeza mataruma, na maelfu ya vibarua walikufa kwa malaria na kipindupindu. Wachina walioletwa mwaka 1854 waliangamia kwa wingi, baadhi yao kwa kujiua. Mwaka 1856 abiria Mmarekani aliyelewa alichukua kipande cha tikiti maji kwa mchuuzi mweusi wa Mji wa Panama akakataa kulipa; ugomvi ukageuka ghasia zilizoua Wamarekani wapatao 15, na baadaye mwaka huo wanajeshi wa Marekani wakatua kwa muda mfupi kuilinda reli. Huo ulikuwa mwanzo tu wa kutua kwao.

Kwa nini Wafaransa walishindwa?

Walishindwa kwa kuamini kwamba kilichowezekana Misri kingewezekana Panama. Ferdinand de Lesseps alikuwa ameufungua Mfereji wa Suez mwaka 1869, ule uliobadilisha safari za meli za mvuke kati ya Ulaya, Bahari ya Hindi na pwani yetu ya Afrika Mashariki, na jina lake lilitosha kuwafanya Wafaransa wa kawaida watoe akiba zao. Mwaka 1879 mkutano alioungoza mjini Paris uliamua mfereji uchimbwe hadi usawa wa bahari, bila malango ya kupandisha na kushusha meli. Suez ni mchanga na nchi tambarare yenye ukame. Panama ina milima, udongo wa mfinyanzi unaoteleza, na mvua inayozidi mita 3 kwa mwaka upande wa Karibi. Mto Chagres, ambao ungekatiza mfereji huo mara nyingi, huweza kupanda mita kadhaa kwa muda mfupi baada ya mvua kubwa milimani.

Kazi ilianza mwaka 1881. Pale Culebra, mahali pa kuukata mlima, kila mvua ilirudisha udongo uliokuwa umetolewa. Wachimbaji walipozidi kwenda chini, kingo ziliporomoka zaidi, na ikabidi mtaro upanuliwe kabla ya kuongezwa kina. De Lesseps alikubali malango mwaka 1887 na kumpa kazi hiyo Gustave Eiffel, lakini fedha zilikuwa zimekwisha. Kampuni ilianguka mwaka 1889, na wawekezaji wapatao 800,000, wengi wao watu wa kipato kidogo, wakapoteza walichoweka. Baadaye ilibainika kwamba wabunge na magazeti ya Ufaransa walikuwa wamehongwa ili kuficha hali halisi.

Maradhi yaliua kuliko maporomoko. Katika hospitali nzuri waliyoijenga kwenye kilima cha Ancón, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya vibakuli vya maji ili siafu na sisimizi wasipande kwa wagonjwa, na bustanini kila mche ulizungushiwa kijifereji cha maji kwa sababu hiyohiyo. Madirisha hayakuwa na nyavu. Mbu walizaliana ndani ya vibakuli hivyo, chini ya mgonjwa wa homa ya manjano, kisha wakaruka hadi kitanda cha jirani aliyeletwa kwa mguu uliovunjika.

Je, ni kweli kwamba Marekani ndiyo iliyoiunda Panama mwaka 1903?

Ni kweli kwa nusu. Madai ya Panama ya kujitawala yalikuwepo tangu kabla Marekani haijapata nia ya kuchimba chochote, na Vita vya Siku Elfu vya Kolombia, vilivyoanza mwaka 1899 na kumalizika mwaka 1902, viliacha sehemu hiyo ikiwa magofu na yenye hasira. Mei 1903 kiongozi wa wapiganaji wa vijijini, Victoriano Lorenzo, alipigwa risasi hadharani mjini Panama ingawa amani ilikwisha kutiwa sahihi, na jambo hilo lilizidi kuwaumiza watu.

Nusu ya pili ni hii. Agosti 1903 Seneti ya Kolombia ilikataa mkataba ambao ungeipa Marekani haki ya kujenga mfereji. Rais Theodore Roosevelt alikasirika, na kundi la watu wenye mali wa Panama, wakiwemo José Agustín Arango na daktari Manuel Amador Guerrero, waliofungamana na kampuni ya reli iliyomilikiwa na Wamarekani, waliona mwanya. Manowari ya Marekani, Nashville, ilifika Colón tarehe 2 Novemba. Wanajeshi wa Kolombia waliposhuka siku iliyofuata, msimamizi wa reli aliwapandisha majenerali wao kwenye behewa la heshima akawapeleka Mji wa Panama, akiahidi kwamba askari wangefuata. Askari hawakupewa treni. Majenerali walipofika walikamatwa na kikosi kilichokwisha kulipwa, na jioni hiyo uhuru ukatangazwa. Meli moja ya Kolombia ilirusha makombora mjini, na aliyekufa alikuwa Mchina mmoja mkazi wa hapo. Siku tatu baadaye Marekani ikaitambua serikali mpya.

Kwa hiyo hamu ya uhuru ilikuwa ya Wapanama, bali saa na ulinzi vilikuwa vya wengine, na bei yake ilidaiwa papo hapo.

Mkataba wa mwaka 1903 ulisema nini hasa?

Uliipa Marekani ukanda wa maili 10 kwa upana, kutoka bahari hadi bahari, “milele”, pamoja na mamlaka yote ambayo ingekuwa nayo kama ingekuwa ndiyo mwenye nchi. Panama ilipata dola milioni 10 papo hapo, na dola 250,000 kwa mwaka kuanzia miaka tisa baadaye. Marekani ilipewa pia haki ya kutwaa ardhi na maji mengine nje ya ukanda kila itakapoona vinahitajika kwa mfereji.

Linalouma zaidi ni namna ulivyotiwa sahihi. Aliyeiwakilisha Panama alikuwa Bunau-Varilla, yule Mfaransa wa stempu, aliyejipatia cheo cha ubalozi kama malipo ya msaada wake. Amador na Federico Boyd walikuwa njiani kuja kujadili masharti. Bunau-Varilla alijua, akaharakisha, akatia sahihi tarehe 18 Novemba pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Hay. Wajumbe walipofika Washington usiku huohuo, aliwapokea kituoni na kuwaambia kwamba kazi imekwisha. Hakuna Mpanama hata mmoja aliyetia sahihi mkataba uliokata nchi yake vipande viwili. Serikali changa, ikiogopa kuachwa peke yake mbele ya Kolombia, iliuridhia mwezi uliofuata.

Homa ya manjano ilidhibitiwaje?

Daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alieleza tangu mwaka 1881 kwamba homa hiyo huenezwa na mbu, na hakusikilizwa kwa karibu miaka 20. Daktari wa jeshi William Gorgas, aliyekuwa ameisafisha Havana kwa kufuata nadharia hiyo, alikuja Panama mwaka 1904 na mwanzoni wakubwa wake walimwona anapoteza fedha. Alipopata msaada, vikosi vyake vilipita nyumba kwa nyumba vikifukiza moshi, kufunika mapipa ya maji, kumwaga mafuta kwenye madimbwi na kutia nyavu madirishani, na miji ikapata maji ya bomba na mitaro ya maji machafu. Kufikia mwisho wa mwaka 1905 homa ya manjano ilikuwa imekoma katika Mji wa Panama. Malaria ilipungua lakini haikuisha.

Nani hasa aliyeuchimba mfereji?

Watu weusi wa visiwa vya Karibi. Hilo ndilo jibu, na lingepaswa kuwa sentensi ya kwanza ya kila simulizi la mfereji huu. Wapo Wahispania wapatao 8,000, Waitaliano, Wagiriki na wengineo, na mafundi Wamarekani walioendesha matingatinga ya mvuke na kusimamia kazi. Lakini umati uliobeba baruti, uliotoboa miamba, uliohamisha reli kila siku na kumimina zege ulitoka Barbados, Jamaika, Martinique, Guadeloupe na visiwa vingine. Barbados peke yake ilitoa wanaume wapatao 20,000 waliosafiri kwa kandarasi, mbali na wale waliojilipia nauli. Kisiwa hicho kina mashamba ya miwa ambamo wajukuu wa watumwa walikuwa wakilipwa ujira usiotosha chakula, na senti 10 za Marekani kwa saa zilionekana kuwa utajiri.

Walipofika waligawanywa katika orodha mbili. Wamarekani weupe waliandikwa kwenye orodha ya dhahabu na kulipwa kwa dola za dhahabu, wakapewa nyumba zenye nyavu, likizo yenye malipo na matibabu bora. Wengine waliandikwa kwenye orodha ya fedha na kulipwa kwa sarafu za fedha za Panama. Mgawanyo huo ulianza kama utaratibu wa malipo na punde ukawa ubaguzi wa rangi ulio kamili: madirisha mawili posta, milango miwili dukani, mabomba mawili ya maji ya kunywa, shule mbili, wodi mbili. Kila kibarua wa orodha ya fedha alibeba kipande cha shaba chenye namba, akakionyesha ili alipwe na ili apate chakula; katika vitabu vya msimamizi wake alikuwa namba hiyo, na wengi walipokufa ndiyo iliyotangulia jina. Chakula kiligawiwa kwenye majiko ya kambi yasiyo na viti, nao wakala wamesimama au wamechuchumaa nje, hata siku za mvua, na Culebra mvua hunyesha miezi minane kwa mwaka.

Hatari ilikuwa ya kila saa. Tarehe 12 Desemba 1908, huko Bas Obispo, tani 22 za baruti zililipuka kabla ya wakati na kuua watu 23. Mwaka 1963 wazee waliosalia wa kizazi hicho waliombwa waandike kumbukumbu zao, na barua walizoleta zinazungumzia udongo ulioporomoka ghafla, treni zilizokata miguu, homa, na nguo zilizovaliwa asubuhi zikiwa bado zimelowa mvua ya jana. Wanaandika pia kwa fahari, kwa kuwa walijua walichokijenga.

Baada ya kazi kwisha, wengine walikwenda kukata miwa Kuba, wengine New York, na maelfu walibaki. Mgomo wao mkubwa wa mwaka 1920 ulivunjwa na waliogoma walifukuzwa makazini na majumbani. Kisha katiba ya Panama ya mwaka 1941, chini ya Rais Arnulfo Arias, ikawanyima uraia watoto wao waliozaliwa humo humo nchini. Haki hiyo ilirejea kwa katiba ya mwaka 1946. Watu waliokataliwa na Wamarekani kwa rangi yao walikataliwa na Wapanama kwa rangi na lugha yao, na ni lazima jambo hili lisemwe pamoja na yale ya Marekani.

Ni watu wangapi waliokufa?

Kwa kipindi cha Wafaransa makadirio yanayokubalika ni takriban 22,000. Kwa kipindi cha Wamarekani, kuanzia 1904 hadi 1914, kumbukumbu za hospitali zinaonyesha vifo 5,609, na wapatao 4,500 kati ya hao walikuwa weusi. Hesabu zote mbili hazijumuishi waliofia nje ya hospitali bila kuandikwa.

Je, kulikuwa na watu kwenye ardhi iliyogeuzwa kuwa ziwa?

Walikuwepo wengi. Kando ya Chagres na reli ya zamani kulikuwa na miji na vijiji vilivyouza ndizi na matunda, vikawa na makanisa, maduka na makaburi yao. Bwawa la Gatún, lililotengenezwa kwa kuuzuia Mto Chagres ili meli zipite juu yake, lilipoanza kujaa, Gorgona, Matachín na vinginevyo vilihamishwa au kuzama. Mwaka 1912 amri ya rais wa Marekani iliagiza ukanda wote uondolewe wakazi, hata wale ambao maji yasingewafikia, na uwe wa mfereji peke yake. Picha maarufu za Eneo la Mfereji, kama ukanda huo ulivyoitwa, zinaonyesha msitu mtupu unaofika majini. Utupu huo ulitengenezwa.

Malango yanafanyaje kazi?

Kwa uzito wa maji peke yake, bila pampu. Meli inayotoka Atlantiki huingia kwenye chumba cha zege pale Gatún, lango la chuma hufungwa nyuma yake, na maji ya ziwa lililo juu huachiwa yaingie kwa mifereji iliyo chini ya sakafu. Meli hupanda pamoja nayo, ikasogea chumba cha pili na cha tatu, hadi kufikia ziwa lililo mita 26 juu ya usawa wa bahari. Hulivuka, hupita kwenye mlima uliokatwa Culebra, kisha hushushwa hatua moja Pedro Miguel na mbili Miraflores. Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914 kwa meli iitwayo Ancon, wiki chache baada ya vita kuanza Ulaya, na habari hiyo haikupata nafasi kubwa magazetini.

Vyumba vya awali vina upana wa mita 33.5. Wapanama walipiga kura ya maoni mwaka 2006 kuidhinisha vipya vyenye upana wa mita 55, ambavyo vilifunguliwa tarehe 26 Juni 2016.

Nini kilitokea tarehe 9 Januari 1964?

Ilikuwa imekubaliwa kwamba bendera ya Panama ipepee kando ya ile ya Marekani katika sehemu za kiraia za Eneo la Mfereji. Wanafunzi Wamarekani wa shule ya sekondari ya Balboa walipandisha ya kwao peke yake. Wanafunzi wapatao 200 wa Instituto Nacional walitembea hadi hapo wakiwa na bendera ya Panama iliyokuwa mali ya shule yao, wakiomba ipandishwe pia. Walizuiwa, kukawa na kusukumana, na bendera ikachanika. Habari zilipofika mjini, maelfu ya watu walikwenda kwenye uzio uliotenga Eneo hilo, na risasi zikaanza. Kwa siku tatu za ghasia walikufa Wapanama 21 na wanajeshi wanne wa Marekani. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Ascanio Arosemena, mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa akisaidia kubeba majeruhi. Rais Roberto Chiari alivunja uhusiano wa kibalozi na Marekani, na tangu hapo mkataba wa 1903 haukuweza kutetewa tena mbele ya dunia.

Mfereji ulirejeshwa vipi?

Kiongozi wa Panama, Omar Torrijos, na Rais wa Marekani, Jimmy Carter, walitia sahihi mikataba mipya tarehe 7 Septemba 1977. Wapanama waliikubali kwa kura ya maoni, na Seneti ya Marekani iliipitisha mwaka 1978 kwa kura 68 dhidi ya 32, yaani kura moja tu zaidi ya zilizohitajika. Eneo la Mfereji lilifutwa tarehe 1 Oktoba 1979. Katikati ya safari hiyo, Desemba 1989, Marekani iliivamia Panama ili kumwondoa mtawala wa kijeshi Manuel Noriega, na mtaa wa mabanda wa El Chorrillo, ambao ulikaliwa awali na vibarua wa mfereji na familia zao, uliungua. Makabidhiano yalikamilika saa sita mchana, tarehe 31 Desemba 1999, chini ya Rais Mireya Moscoso.

Je, China inauendesha mfereji, kama ilivyodaiwa mwaka 2025?

Hapana. Mfereji unaendeshwa na mamlaka ya umma ya Panama. Kilichochanganywa ni bandari: mwaka 1997 kampuni yenye makao Hong Kong ilipewa kandarasi ya bandari mbili, moja kila upande. Bandari hupakia na kupakua mizigo. Haziamui meli gani ipite.

Kwa nini mwaka 2023 meli zilipanga foleni, na nini kinafanyika?

Kila meli inayopita kwenye vyumba vya zamani humwaga baharini takriban lita milioni 200 za maji baridi, na maji hayo hutoka kwenye mabwawa yaleyale ya Gatún na Alajuela yanayowanywesha wakazi wa Mji wa Panama na Colón. Mvua za mwaka 2023 zilikuwa haba, na idadi ya meli ilipunguzwa kutoka takriban 36 kwa siku hadi 22 mwishoni mwa mwaka huo. Baadhi ya meli zilielekezwa Suez, lakini Bahari ya Shamu nayo ikawa hatari kwa mashambulizi, na nyingi zikaishia kuizunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Mamlaka ya mfereji inataka kujenga bwawa jipya kwenye Mto Indio, magharibi mwa Gatún, ambalo lingewahamisha watu wapatao 2,000. Wakulima wa bonde hilo wameandamana kwa mitumbwi kuupinga mradi huo. Wanasema hawataki kulipwa bali kubaki. Mamlaka inaahidi fidia na makazi mapya, na mazungumzo ya nyumba kwa nyumba yamekwisha kuanza.